Mwanamke Aliyepima Mchanga wa Porth Elidir

Wifi yangu Leti alikuwa na miguu mibaya. Miguu mipana, visigino vimepasukapasuka, dole gumba la kushoto halina ukucha. Kaka yangu Ebeneser alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama yetu alimtazama chini kabla ya kumtazama usoni, akasema, "Haya, huyu si wa kununuliwa viatu." Na kweli hakuvivaa ila Jumapili kwenda kanisani, na hata huko alivivua chini ya benchi mahubiri yakirefuka.

Jina lake kamili lilikuwa Lettice Beynon, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila karani wa posta. Kazi yake ilikuwa kuokota kombe, wale chaza wadogo wanaojificha mchangani. Tangu utotoni alikwenda mchangani maji yakipwa, yeye na punda wake, reki na chekeche, akarudi na magunia mawili, akawachemsha kombe kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba, na Jumamosi akawapeleka soko la Carmarthen. Mimi, Mima, sikuolewa. Nilikuwa fundi cherehani, nikakaa katika nyumba ya wazazi wetu iliyopakana na yao, ukuta mmoja kati yetu. Nilimsikia akikohoa, nilimsikia akimtukana punda, na nina hakika naye alinisikia nikiongea peke yangu.

Ufuo wetu ni maili saba za mchanga bila jiwe. Ukisimama juu ya ukuta wa hoteli unauona wote ni kitu kimoja, umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Lakini Leti alikuwa na maneno mawili tu kuhusu mchanga. "Hapa pamelala," alisema. "Pale pameamka." Uliolala ungepitisha mkokoteni wa mawe. Ulioamka ungekumeza hadi magotini, na maji yakirudi yangekukuta papo hapo. Wanawake wengine wanne waliokuwa wakiokota pamoja naye walimfuata nyuma, mguu kwa mguu, na hakuna hata mmoja aliyezama katika miaka yake yote.

Magari yalianza kuja kwetu kwa mchezo tu, sikukuu ya Pentekoste, vijana wa mjini na pikipiki zao. Kisha mwaka wa ishirini na nne wakaja wale wengine, wa kutafuta rekodi. Barabara za nchi hii zina kona kila hatua mia, na kila kona ina ng'ombe. Mtu aliyetaka kwenda kasi kuliko binadamu yeyote aliyewahi kwenda juu ya ardhi alihitaji maili nyingi bila kupinda, na sisi tulikuwa nazo, bure, mara mbili kwa siku.

Bwana wa kwanza aliliegesha gari lake karibu na mdomo wa Kijito cha Kinu, akaenda kula. Leti alikuwa anapita na punda. Akawaambia mafundi wasiliache pale, kwa Kiingereza chake cha kuombea chumvi, maana si lugha yetu. Wakacheka. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Jioni yake gari lilikuwa limezama hadi milangoni, na ilibidi waletwe farasi wanane wa mashamba mawili kulitoa, nalo likatoka halifai hata kwa chuma chakavu.

Kesho yake bwana mwingine akaja kugonga mlango wa Leti. Alikuwa mwembamba, ana nywele za mvi mapema, na amevua kofia kabla mlango haujafunguliwa. Jina lake Alastair Croome. Naye alikuwa na gari lake hotelini, akingoja zamu.

"Wewe ndiye uliyewaambia wasiliache pale?"

"Ni mimi."

"Ulijuaje?"

"Nilipita."

"Hata wao walipita."

"Walipita na viatu," Leti akasema.

Bwana Croome akatazama miguu yake, kisha ya Leti. Akakaa pale pale kizingitini, akavua viatu na soksi, akakunja suruali. "Nionyeshe," akasema.

Basi kijiji kizima kikamwona bwana wa Kiingereza akimfuata Leti na punda kwenye maji baridi, nyayo zake nyeupe kama unga. Keturah, mmoja wa wale wanawake wanne, mwenye mdomo usio na kufuli, akapaza sauti toka mbali, "Leti! Umepata punda wa pili!"

"Huyu habebi gunia," Leti akajibu, "lakini haumi."

Tangu siku hiyo Leti ndiye aliyempimia Bwana Croome mchanga. Kila alipokuja kujaribu, Leti alitangulia kuutembea ufuo, akichomeka bendera nyeupe panapofaa na kuokota kombe-wembe wanaokata matairi. Mkononi alibaki na bendera moja nyekundu. Wale wa chama cha magari, waliosimamia rekodi, walimwandika kama mfagiaji. Hakujali. Nami nilimwona akitembea wima zaidi.

Gari lenyewe lilikuwa refu, la kijivu, na ndani yake walikuwa wametia injini ya ndege. Bwana Croome alikuwa amelipa jina la kifahari ambalo nimelisahau. Sisi tuliliita Nguruwe Jike, kwa sababu lilipowashwa lilikoroma vile vile, na maziwa yakatetemeka ndani ya vikombe mtaani kote. Shemasi Pugh alilitolea mahubiri. "Wanakimbilia wapi?" aliuliza mimbarini. "Wanafika mwisho wa ufuo, wanageuka, wanarudi!" Watu walicheka, shemasi akakasirika kwa kuwa hakukusudia kuchekesha.

Miaka minne alikuja akirudi. Mara mbili aliikaribia rekodi, na mara zote mbili wengine wakaipandisha tena. Na siku nyingi zaidi hakukimbia kabisa, maana mvua ya kwetu haina aibu, ikija inakaa. Siku hizo wenzake walikuwa hotelini wakicheza karata, naye alikuwa jikoni kwa Leti. Kaka yangu Ebeneser alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na Bwana Croome hakumzidi sana, kwa hiyo wakapendana. Walikaa kando ya moto kama magogo mawili. Leti aliwapa supu ya shingo ya kondoo, au mwani uliokaangwa na unga wa shayiri, chakula ambacho Waingereza wengi hukitemea kwenye leso. Bwana Croome alikila. Lakini asubuhi ya kukimbia hakula chochote. Alikunywa chai tu, amekikumbatia kikombe kwa mikono miwili.

Nilikuwepo siku ile walipowekeana lile agano, kama ni agano. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka ishirini na nane. Nilikuwa namshonea koti lake lililopasuka begani, pini zimenijaa mdomoni. Mvua ilikuwa katika siku ya tisa.

"Bi Beynon," akasema, "kule hotelini wote wanataka niende. Kapteni, msimamizi wangu, anataka. Wenye matairi wanataka. Wa magazeti ndio usiseme. Hata mimi mwenyewe nikishakaa kwenye kiti nataka. Hakuna hata mmoja wa kuniambia hapana."

Leti alikuwa anamenya viazi. "Na mkeo je?"

"Sina mke. Nina dada. Yeye alinikataza mpaka akachoka, siku hizi hata barua haniandikii."

"Basi mimi nitakuambia."

"Ukiinua ile nyekundu, nasimama. Popote nilipo. Naapa."

"Usiape nyumbani mwangu, Bwana Croome. Sema ndiyo, inatosha."

"Ndiyo."

Ebeneser akakohoa. Mimi nikatoa pini mdomoni nikasema, "Haya, sasa simama uvae koti tuone," na wote tukacheka kidogo. Nilidhani ni mazungumzo ya kupoteza siku.

Mvua ilikatika wiki ya pili ya Machi. Wakati huo habari ilikuwa imefika kwamba huko Amerika kuna mtu yuko ufuoni na gari jipya, anangoja upepo tu. Hotelini hakukaliki. Aliyesimamia mambo yote ya Bwana Croome alikuwa Kapteni Pettifer, mtu mnene mwenye saa mbili, moja kila mfuko. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa.

Sheria yao ilikuwa hivi: gari likimbie kwenda, ligeuke, likimbie kurudi ndani ya saa moja, kisha mwendo wa safari mbili ujumlishwe, ugawanywe kwa mbili. Katikati ya ufuo palikuwa na maili iliyopimwa, nyaya zimetandazwa mchangani kwa ajili ya vipima muda. Kijito cha Kinu kiliingia baharini baada ya ile maili, upande wa mashariki. Wakati wa kwenda, gari lingefika hapo limeshaanza kupunguza. Wakati wa kurudi, lingefika hapo likiwa ndiyo kwanza linakaza mwendo.

Siku yenyewe, Alhamisi, Leti aliutembea ufuo tangu kulipopambazuka. Mimi nilimfuata baadaye na chai kwenye kopo. Nilimkuta kijitoni amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, ule mwingine unapapasa. Kapteni Pettifer alikuwa nyuma yake na buti zake ndefu.

"Vipi, mama?"

"Kwenda panafaa. Kurudi sijui."

"Sijui si jibu."

"Ndilo nililo nalo, Kapteni."

"Saa moja tu! Maji hayatakuwa yamegeuka."

"Siyaogopi ya juu. Naogopa ya chini. Mvua yote ile imekwenda wapi?"

Kapteni alitazama mbingu, akatazama saa ya kulia, kisha ya kushoto. "Hatutapata siku nyingine kama hii," akasema, na ilikuwa kweli. "Chomeka nyeupe, mama. Wewe kaa hapa hapa. Ukiona ubaya, bendera yako unayo."

"Mwambie Bwana Croome nilivyosema. Mwambie kurudi sijui."

"Nitamwambia," Kapteni akajibu, akaondoka. Kama alimwambia au hakumwambia, hilo walikwenda nalo wao wawili.

Leti akachomeka nyeupe. Mkono wake ulikwenda polepole, lakini alichomeka.

Mara tukasikia Nguruwe Jike akiamka, mbali kule magharibi. Sauti ilitufikia kwanza kupitia miguuni. Kisha tukaona kitu kidogo cheusi kikielea juu ya mchanga, kikakua, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi kilikuwa kimetupita, kimetuachia upepo wenye harufu ya mafuta na matone ya maji ya chumvi usoni. Nilimwona Bwana Croome, kichwa tu na miwani, amekaa kama mtu anayesoma kitabu kigumu. Kwa mbali watu walipiga kelele. Baadaye walisema alikwenda maili mia mbili na kitu kwa saa.

"Amekwenda vizuri," nikasema. "Wifi? Amekwenda vizuri."

Leti alikuwa ameinama. "Mima, njoo uone."

Magurudumu yalikuwa yameacha mifereji miwili mirefu. Ile iliyo karibu na kijito ilikuwa inang'aa. Nilidhani ni mwanga. Kisha nikaona maji yakipanda ndani yake, taratibu, kutoka chini, kama jasho. Leti akaweka kisigino pembeni, akakibonyeza, na alama ikajaa mara moja.

"Panaamka," akasema.

"Basi inua bendera!"

"Kuinua nini? Yuko mwisho wa ufuo anabadilisha matairi, haoni kitu. Kimbia kwenye simu, uwaambie wangoje. Kimbia, Mima!"

Walikuwa wameweka kibanda cha simu mwisho wa ile maili, nusu maili kutoka tulipokuwa. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, sketi nzito na viatu vya kamba. Nilikimbia. Nilianguka mara moja. Nilipofika nilikuta karani mmoja asiye mtu wa kwetu, kaweka kile chombo sikioni, kalamu mkononi.

"Waambie wangoje," nikasema. "Kijitoni si pazuri. Leti anasema wangoje."

"Leti ndiye nani?"

"Anayepima mchanga!"

"Mimi napokea maneno ya Kapteni peke yake, mama. Tena tafadhali usisimame juu ya waya."

"Mwite Kapteni basi!"

Alikuwa anazungusha mkono wa simu, hilo nitamshuhudia, alikuwa ameanza kuuzungusha, tuliposikia ule mkoromo kutoka mashariki.

Niligeuka. Leti alikuwa mdogo kama kijiti, amesimama karibu kabisa na njia ya gari, na juu ya kichwa chake ile bendera nyekundu. Hakuipunga. Aliinyanyua kwa mikono miwili akaishikilia hapo. Na gari likawa linakuja.

Aliiona. Mtu yeyote asikuambie hakuiona. Nyuma ya magurudumu maji yalipanda ghafla kama ukuta, hiyo ni breki, kisha gari likaenda upande, halafu sikuona tena gari, niliona vitu. Gurudumu moja lilikuja peke yake mbali sana, likajizungusha, likalala. Pale lilipopindukia ni hatua mia nne kabla ya kijito. Mchanga wa pale ulikuwa umelala fofofo. Leti mwenyewe alikuwa ameupima asubuhi.

Yeye ndiye aliyefika kwanza. Tulipomfikia alikuwa amepiga magoti, ameshavua aproni yake na kumfunika nayo Bwana Croome uso. Ile bendera alikuwa ameikalia. Kapteni Pettifer alifika anahema, akasimama, akasema, "Tairi. Ni tairi limepasuka." Baada ya saa chache maji yalijaa yakafunika kila kitu, mifereji, kijito, mahali alipolala, na yalipopwa tena palikuwa pamenyooka. Leti alirudi kijitoni usiku huo huo kupapasa kwa mguu kama pangemzamisha. Lakini mchanga wa maji haya si mchanga wa maji yale, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika Jumatatu katika ukumbi wa hoteli. Kapteni aliapa kwamba tairi la nyuma lilipasuka. Hakimu akamuuliza kama kulikuwa na ishara yoyote ya hatari. "Sikuona ishara yoyote," Kapteni akasema, na huenda ni kweli, alikuwa anatazama saa.

Leti akasimama nyuma ya ukumbi, amevaa viatu. "Niliinua mimi."

"Kaa chini, mama. Hujaulizwa."

"Basi niulizeni."

Hakimu akamtazama kwa muda, akamwita mbele. Akaeleza yote, kwa Kiingereza kibovu, watu wa magazeti wakiandika. Hakumtaja mtu yeyote aliyekimbilia simu. Alisema tu, "Hapakuwa na njia ya kuwaarifu."

"Una hakika kwamba gari lingezama pale kijitoni?" hakimu akauliza.

"Hapana, bwana."

"Kwa hiyo huna hakika."

"Sina. Ndiyo sababu niliinua."

Kukawa na mnong'ono. Na mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Ningeweza kusimama. Ningesema nilitumwa, nilifika, nilirudishwa. Lakini mwenye hoteli ile alikuwa ameniahidi kazi ya mapazia ya vyumba ishirini, na chama cha magari ndio waliokuwa wateja wake, na yule karani alikuwa anaendelea kunikodolea macho. Nikabaki nimekaa. Wakaandika kuwa ni ajali, tukatoka nje.

Magazeti hayakuwa na huruma. Moja liliandika juu ya "mwanamke wa kijijini aliyeshikwa na taharuki." Chama kikasema ufuo wetu si salama, wageni wakapungua, na kila mwenye nyumba aliyekuwa na kitanda kilichokosa mlalaji alijua nani wa kulaumu. Keturah alikuwa wa kwanza. Leti alipokuwa anavuka barabara alimpigia ukelele, "Leti, inua bendera, kuku wanavuka!" Watu wakacheka mlangoni kwa muuza nyama. Leti hakugeuka. Jumapili ile benchi lake kanisani lilibaki na yeye na Ebeneser peke yao. Mimi nilikaa nyuma, nikasema kikohozi changu kitawasumbua.

Mwezi wa tano dada yake Bwana Croome alikuja. Alikuwa mwanamke mrefu, mavazi meusi, na alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama kaka yake. Alikaa kwenye kiti alichozoea kukaa kaka yake, bila kujua. Leti alinigongea ukuta nikaja kusaidia Kiingereza.

"Nimeambiwa na watu mambo ya namna nyingi," Bi Croome akasema. "Nataka kujua moja. Aliiona bendera yako?"

"Aliiona," Leti akasema.

"Na akafunga breki kwa sababu aliiona."

"Ndiyo."

"Usingeinua, angepita?"

"Labda angepita. Labda angezama akiwa na mwendo mkubwa zaidi. Kila siku najiuliza, mama. Sina jibu la kukupa. Ningekuwa nalo ningekuletea mwenyewe kwa miguu."

Bi Croome akaiweka chini chai yake, imeota utando. Kisha akasema, "Miaka kumi namwambia asimame. Hakusimama hata mara moja kwa ajili yangu." Akavaa glavu. Hakumshika Leti mkono. Wala hakumsema vibaya.

Nilimfuata nje hadi kwenye gari. Sijui nini kilinisukuma. Nikamweleza habari ya simu, yote, mpaka karani na waya. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ulisema hayo kwenye uchunguzi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikamfungulia mlango wa gari. Akapanda gari akaenda zake.

Leti aliendelea kuokota kombe hadi vuli. Asubuhi moja alirudi mapema, punda hana gunia hata moja. Nilikuwa naanika nguo.

"Siusikii," akasema.

"Husikii nini?"

"Mchanga. Nakanyaga, na ni kama nakanyaga sakafu ya kanisa. Keturah alikuwa nyuma yangu, Mima. Nilikaribia kumpeleka kwenye ulioamka. Yeye ndiye aliyepiga kelele."

Hakurudi tena. Alimuuza punda kwa mtu wa Laugharne, akaenda kuosha madumu ya maziwa kwenye kiwanda cha siagi, na huko walimlazimisha kuvaa buti kwa sababu ya maji moto. Jioni alikaa na miguu ndani ya beseni, Ebeneser akimsugua visigino. Wale wanawake wanne waligawanyika, wawili wakaacha kazi. Magari nayo yakahamia Amerika moja kwa moja, kwanza ufuoni, kisha nikasikia kwamba hata ufuo hautoshi tena, wanakimbia kwenye nyanda za chumvi. Sisi tukabaki na pikipiki za Pentekoste. Mwaka wa thelathini na moja wenye pikipiki walimtuma mtu kumuuliza kama atawapimia njia. Alimwambia hamjui mtu huyo wanayemtafuta, akafunga mlango.

Kaka yangu alitangulia, mwaka wa thelathini na nne, katikati ya chakula. Leti alimfuata Januari ya thelathini na saba, kifua. Nilimuuguza mimi. Alikuwa amekonda hata miguu ile ilionekana si yake.

Siku mbili kabla, mchana, nilikuwa namlisha uji. Akaukataa, akasema, "Mima, kama ningeishusha tu ile bendera?"

"Sijui, wifi."

"Wewe uliona toka kule kwenye simu. Ulikuwa mbali, aliye mbali huona vizuri. Angepita?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

Akafumba macho. Nikaona kwamba kama sikusema wakati ule sitasema tena. "Leti, mbele ya hakimu. Kwa nini hukunitaja? Ungesema tu, nilimtuma Mima. Ningelazimika kusimama."

"Ebeneser alikuwa na dada mmoja tu," akasema. "Mke angepata mwingine."

Hadi leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananipiga kijembe. Midomo yake ilijikunja kidogo, lakini wakati ule ilijikunja pia kwa maumivu. Akaomba nimpandishie blanketi, halafu akalalamika kwamba uji hauna chumvi, na ulikuwa hauna.

Alikufa Alhamisi. Barafu ilikuwa imeshika ardhi, na wanaume walichimba siku mbili. Keturah alikuja mazikoni, akasimama nje ya geti, asithubutu kuingia.